Somo la Topeni Gazi

Mwalimu anayepanga kuwapeleka wanafunzi kambini kwenye mikoko ya Gazi, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, aangalie mwezi kabla ya ratiba ya shule. Katika pwani yetu maji ya bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu. Siku za maji mafu bahari haitoki mbali, na nusu ya somo hubaki majini.

Nawasihi viongozi wa kambi wasianze na majina ya miti. Waanze na ulimi. Mtoto akilamba jani la mchu huonja chumvi, kwa kuwa mti huu huitoa chumvi ya ziada kupitia tezi za majani (baada ya mvua jaribio halifai, chumvi huwa imeoshwa). Mti uitwao mkoko hauna tezi hizo. Wenyewe huzuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Acha mtoto agundue tofauti hiyo na aulize mwenyewe.

Kisha achimbe tope kwa kijiti. Chini ya utando wa juu ni jeusi, linanuka mayai viza. Harufu hiyo hutoka kwa bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, wakitumia salfati ya maji ya bahari. Akishainusa, ataelewa kwa nini mchu husimamisha vijizizi wima juu ya tope, na mkoko hutoa mizizi yake juu ya shina: yote inatafuta hewa.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya kamba. Kikundi huzungushia kamba mraba wa mita moja, hutulia, kisha huhesabu kaa wanaotoka mashimoni. Wenye gando moja kubwa ni madume, hulipunga kuwaita majike. Kaa wa aina nyingine huburuta majani hadi mashimoni, yasichukuliwe na maji, na mashimo yao hupitisha hewa topeni. Katika tope hilo ndimo ilimo sehemu kubwa ya kaboni ya msitu, ambayo wanakijiji wa Gazi na Makongeni huiuza kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Mapato yamesaidia shule na huduma ya maji.

Kupanda miche kuje mwisho. Kambi zinazoanza nako kwa ajili ya picha zinawanyima watoto somo. Kila mti una mahali pake: mlilana hukaa mbele baharini, mkoko nyuma yake, mkandaa juu kuelekea nchi kavu. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, ndefu na yenye ncha, hivyo ni rahisi kuichomeka popote; ikichomekwa mahali pa mlilana, mawimbi huing'oa. Aliyeutembea msitu asubuhi hujua pa kuichomeka.

Maji yakianza kujaa, wote watoke mara moja. Kasi yake kubwa huja katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa, na mifereji ya nyuma huweza kujaa kabla ya walio mbele kugeuka.