"Tulikuwa wengi"
Somo: Kutoka 23:2, Yoshua 7:14-26, Matendo 22:17-20



Mwizi akikamatwa usiku kwenye kartie, mtu hakosi kusema: "Tukimpiga sote, nani atashitakiwa?" Novemba 2019 kundi lilichoma meri ya Beni. Julai 2022, hapa Butembo, watu walivamia kambi ya MONUSCO. Watumishi wake watatu na raia wakafa. Kilio kilikuwa cha kweli: tangu Oktoba 2014 tunazika ndugu zetu. Lakini kilio hakifuti kosa.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema kila mtu anajibu kwa kosa lake, si la mwingine. Maana yake, jaji hatafuti kundi. Anatafuta mtu na alichofanya. Kodi penali, kifungu cha 21, haihesabu aliyepiga peke yake. Aliyeshirikiana naye, aliyetoa msaada ambao bila huo kosa halingefanyika, na aliyechochea kwa maneno mbele ya watu, wote ni watenda kosa. Ukileta tairi, ama ukipaza sauti "Chomeni!", wewe si mtazamaji.

Ni kweli, parke haiwezi kufunga kartie nzima. Wengi wanarudi kulala kwao. Hapo Neno la Mungu linaingia.

Akani alijificha kati ya Israeli yote. Akatafutwa kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, mpaka akabaki yeye mmoja. Na Sauli? Hatusomi kwamba alimrushia Stefano jiwe; alilinda nguo za waliorusha. Hakuna baraza lililomwita. Lakini siku moja, akiomba hekaluni, yeye mwenyewe alizitaja zile nguo mbele za Bwana. Alikuwa amesamehewa, ila hakusahau.

Basi, ndugu na dada, kelele ikipigwa usiku, toka ili kuokoa. Simama kati, mtu apelekwe polisi angali mzima. Na kama mkono wako ulishika jiwe siku moja, usingoje kuitwa. Mwendee mchungaji, mwambie kweli, akusindikize kwa familia iliyofiwa. Damu ya Yesu inasafisha, na mwenye toba ya kweli hakimbii jaji.

Swali la kujibu nyumbani: siku Mungu ataita jina lako peke yako, utamwambia "tulikuwa wengi"?