Mkono Uliovunjika: Lini Plasta Yatosha, Lini Upasuaji Wahitajika



Kwa mtu wa Kudha, Chula au Koyama, mkono ndio kazi. Ndio unaovuta kamba ya tanga, unaotoa samaki wavuni na unaosuka ukili. Wengi walikimbilia Kenya vita vilipoanza mwaka 1991, na kambini pia mkono ndio unaochota maji na kubeba kuni. Ukivunjika kifundo au kiganja, usisubiri.

Huduma ya kwanza
Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Ufunge kwenye ubao ulioviringishwa kitambaa, uuninginize kifuani kwa leso, kisha nenda zahanati. Kama kuna jeraha, lifunike kwa kitambaa safi na uende siku hiyo hiyo. Utahitaji kusafishwa jeraha, dawa ya kuzuia usaha na pengine sindano ya pepopunda.

Je, kila mfupa hupasuliwa?
La. Mivunjiko mingi ya kifundo hunyooshwa na kufungwa plasta kwa muda wa wiki 6 hivi. Upasuaji huhitajika iwapo:
- mfupa umetoboa ngozi;
- mifupa imeachana na haitulii ndani ya plasta;
- ufa umeingia ndani ya kiungo;
- kidole kimepinda na kulalia kingine unapofumba ngumi;
- mshipa wa damu au wa fahamu umebanwa.

Jihadhari na mfupa mdogo ulio upande wa kidole gumba. Hupata damu kidogo, hivyo huunga polepole. Ukivunjika, mkono huenda usivimbe sana, na picha ya kwanza ya eksirei yaweza isionyeshe kitu. Kama bado unaumwa kwenye kibonde cha chini ya kidole gumba, usivue gango ulilofungwa. Rudi upigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14.

Daktari hufanya nini?
Hukupa ganzi ya mkono au dawa ya usingizi. Ukiambiwa usile kabla ya upasuaji, usile, maana chakula chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kisha hurudisha mifupa mahali pake na kuishikiza kwa pini nyembamba, au kwa kibati cha chuma chenye skrubu. Pini hizo zina jina la Martin Kirschner, daktari wa Ujerumani aliyezieleza mwaka 1909. Kwa kawaida hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6. Kibati chaweza kubaki maisha yako yote, hakiozi mwilini.

Vipi mganga wa viungo?
Wazee hawa tunawaheshimu. Lakini gango likikazwa mno, damu haipiti na mkono huweza kufa ukakatwa. Piga picha kwanza.

Rudi hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:
- maumivu yanazidi ijapokuwa umemeza dawa;
- vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vya buluu;
- vidole vimekufa ganzi au haviwezi kusogea;
- homa, usaha au harufu mbaya.

Nyumbani
Inua mkono juu ya usawa wa moyo. Usiloweshe plasta wala usichomeke kijiti ndani. Fumba na ufumbue vidole kila saa unapokuwa macho: mfupa waweza kuunga vizuri, lakini vidole vilivyokakamaa havishiki kamba.

Msomee na jirani asiyejua kusoma.