"Wifi iko, lakini hakuna kitu inafunguka"

"Rezo imejaa, wifi iko, lakini hakuna kitu inafunguka." Maneno haya tunayasikia katika biro za koperative nyingi za kahawa na kakao, na mara nyingi siku ile ile ambayo kazi haiwezi kungoja. Mnunuzi anataka orodha ya mashamba. Komite inataka kujua bei ya New York kabla ya kukaa naye. Karani yuko mbele ya kompyuta, duara linazunguka tu. Mwisho mtu anatumwa mjini kwa pikipiki na flashi mfukoni, na nauli inatoka katika feza ya wanachama wote.

Orodha hiyo ya mashamba si jambo dogo siku hizi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia mazao yanayotoka kwenye misitu iliyokatwa, na kahawa, kakao, mawese, mbao na mpira vyote vimo ndani yake. Kila shamba lazima lionyeshwe mahali lilipo kwa namba zenye tarakimu 6 baada ya nukta, na shamba linalopita hekta 4 lichorwe mzunguko wake wote. Mnaweza kuwa na kahawa nzuri kabisa, imeoshwa na kuanikwa vizuri, lakini kama namba hazikumfikia mnunuzi, yeye anaenda kuulizia kwa jirani.

Basi tuseme wazi jambo moja ambalo likieleweka, nusu ya kazi imekwisha: wifi si intaneti. Ile milia unayoiona juu ya simu inapima njia fupi tu, kutoka simu yako hadi kisanduku kilicho ukutani. Haijui kitu juu ya njia inayobaki. Njia ya kutoka shambani hadi kituo cha kuoshea kahawa inaweza kuwa kavu na safi, huku daraja la kwenda mjini limebomoka. Mwenye kusimama kituoni na kuangalia njia ya shamba atasema barabara ni nzuri, na hatakuwa amesema uongo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua njia imekatika wapi. Usianze kwa kununua mega, na usianze kwa kubonyeza kila butoni.

Anzia kwenye kisanduku chenyewe

Zima kwanza "Données mobiles" kwenye simu, ubaki na wifi peke yake. Wengi wanaruka hapa, na wanapotea. Simu nyingi za leo zikiona wifi haina intaneti, zinarudi kimyakimya kwenye mega zako wewe. Utafikiri wifi imepona, kumbe unakula feza ya mfuko wako.

Halafu geuza kisanduku uangalie karatasi iliyobandikwa chini. Mara nyingi kuna namba kama 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Iandike mahali pale unapoandikaga jina la ukurasa. Huo ni ukurasa wa kisanduku chenyewe, hauhitaji mega hata moja. Ukifunguka, njia fupi ni nzima. Tatizo liko mbele. Usipofunguka, tatizo liko hapo hapo ndani ya biro.

Likiwa ndani ya biro, mara nyingi dawa ni nyepesi. Chomoa waya wa umeme wa kisanduku, ngoja nusu dakika, rudisha, kisha ngoja dakika mbili tatu mpaka taa zitulie. Kama kompyuta inaonyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake kisanduku hakikuipa namba, na mara nyingi kuzima na kuwasha vyote viwili kunatosha. Kama mtu alibadilisha neno la siri wiki iliyopita, simu inaweza kuwa bado inashika la zamani: bonyeza jina la wifi, chagua "Oublier", ingia upya.

Angalieni pia mahali kisanduku kilipo. Tumekiona juu ya kabati, karibu kabisa na manjanja, katikati ya kuta mbili za matofali. Bati linarudisha mawimbi kama linavyorudisha jua. Kisanduku chenye kadi ya SIM kinapenda dirisha, upande unaotazama antene ya kampuni. Na kama kinatoa wifi mbili, moja ya 2.4 na nyingine ya 5, aliye mbali au nyuma ya ukuta atumie ya 2.4, ile ya 5 ina mwendo mkubwa lakini haiendi mbali.

Wale wa panneau solaire, neno moja zaidi. Ikiwa intaneti ni nzuri saa sita za mchana na saa moja ya jioni inakuja na kupotea, msilaumu kampuni kwanza. Batri ikichoka, kisanduku kinaweza kuzimika na kuwaka chenyewe bila mtu kuona, na kila mara kinaanza upya kutafuta rezo. Chomoeni simu zote zinazochajiwa pale, mwone.

Mega ziko, lakini ni mega gani?

Ukurasa wa kisanduku umefunguka? Vizuri. Soma kinavyosema: kadi ya SIM inaonekana? Rezo ni 4G, 3G, au hakuna? Halafu uliza salio la mega kwa ile namba ya kampuni yenu, kutoka kwenye ukurasa huo huo, au kwa kutia kadi ile ndani ya simu. Mega zikiisha, kisanduku hakizimiki. Kinaendelea kutoa wifi yenye milia yote, kama bomba lililo imara ambalo tanki lake ni tupu.

Lakini kesi inayotusumbua zaidi ni hii: WhatsApp inaenda, ujumbe unafika, hata picha, ila ukurasa hata mmoja haufunguki. Karani anaapa kwamba mega ziko, na ni kweli, ziko. Isipokuwa kuna forfe zinazouzwa kwa bei ndogo ambazo zinafungua WhatsApp na Facebook tu, si intaneti nzima. Mwenye kuuza kadi pale sokoni hasemagi hivyo, na mwenye kununua haulizagi. Kwa mtu wa kuongea na ndugu zake, forfe hiyo ni nzuri sana. Kwa biro ya koperative inayotaka kufungua ukurasa wa mnunuzi na kutuma faili kwa e-mail, ni feza iliyotupwa. Kabla hamjagusa kitu kingine, soma tena ile SMS ya siku mliyonunua.

Na mega zenyewe zinakwenda wapi? Kisanduku kinachojulikana na vijana wote wa kijiji hakiwezi kudumu mwezi. Neno la siri lililo kwenye karatasi ya chini, kila mtu aliyewahi kuingia ndani ya biro amelipiga picha. Libadilisheni. Kwenye kompyuta ya Windows, chagueni "Connexion limitée" kwa wifi hiyo, ili isishushe mambo yake makubwa usiku mkiwa mmelala. Na ndani ya WhatsApp zimeni ule upakuaji wa video unaojifanya wenyewe.

Tarehe ya kompyuta

Hii inashangaza watu, lakini inatokea sana mahali umeme unapokatika kila siku. Kompyuta ya biro ina batri ndogo ya duara, kama shilingi, inayoitwa CR2032, kazi yake kutunza saa wakati umeme hauko. Ikifa, kila asubuhi kompyuta inaamka ikifikiri iko mwaka wa nyuma sana. Sasa, karibu kila ukurasa siku hizi una hati inayothibitisha kwamba ni wa kweli, na kila hati ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyo katika mwaka wa zamani inaona hati hizo bado hazijaanza, inakataa, na kuandika kwamba ukurasa si salama. Angalia pembe ya chini ya kioo. Rekebisha "Date et heure", halafu jaribu tena. Kama kesho imerudi nyuma, nunueni ile batri.

Simu za zamani sana zina ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Zile zenye Android iliyo chini ya 7.1.1 hazijui hati mpya zinazotumiwa na kurasa nyingi, na tangu mwisho wa Septemba 2024 kurasa hizo zinaweza kuzikataa hata kama rezo ni nzuri. Simu hiyo ibaki kwa kupiga na kupima mashamba; kazi ya kurasa ipewe nyingine.

VPN na majina

Watu wengi waliweka programu za VPN kwenye simu wakati intaneti au mitandao ya kijamii ilipofungwa, kama mwisho wa 2018, baada ya uchaguzi, ambapo nchi nzima ilikaa karibu wiki tatu bila intaneti. Wakati ukapita, VPN ikabaki. Ikishindwa kufika kwenye mashini yake ya mbali, inaweza kuzuia kila kitu. Izimeni, jaribuni bila hiyo. Kwenye simu, tazameni pia "DNS privé", iwekwe "Automatique".

Kwenye kompyuta kuna jaribio moja zuri. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, intaneti iko. Halafu andika ping www.wikipedia.org. Kama ya kwanza imejibu na ya pili inasema haijui jina hilo, basi kitabu cha majina ndicho kimepotea, yaani ile DNS inayogeuza jina kuwa namba. Andika 8.8.8.8 na 1.1.1.1 mahali pa DNS katika mipango ya wifi ya kompyuta, kurasa zitarudi.

Pale mnapotumia wifi ya tiketi, kama mjini au katika parokia, kumbuka kwamba ukurasa wa kuandika namba ya tiketi unaweza kukataa kujitokeza. Andika neverssl.com, ukurasa huo hauna hati, na mara nyingi unamlazimisha mlango wa tiketi kujionyesha.

Butoni ndogo ya ndani ya tundu

Nyuma ya kisanduku kuna tundu dogo linalotaka sindano. Tafadhali, papa na mama wa komite, mwiteni aliye na sindano aiweke chini. Butoni hiyo inafuta kila kitu: neno la siri, na mara nyingine ile APN ambayo bila hiyo kadi ya SIM haiingii kwenye rezo ya kampuni. Mtu alikuwa na tatizo la mega, sasa ana matatizo mawili. Kabla ya kuigusa, pigeni picha ya ukurasa wa kisanduku wenye APN.

Na kuna siku ambapo mtafanya yote haya na hakuna kitu kitabadilika. Agosti 2023 udongo ulioporomoka chini ya bahari, katika korongo la mto Congo, ulikata nyaya mbili kubwa za intaneti, WACS na SAT-3. Hakuna karani anayetengeneza hilo. Ulizeni jirani mwenye kadi ya kampuni nyingine: kama yeye pia amekwama, fungeni kompyuta muende kuanika kahawa. Kama yake inaenda, afungue wifi ya simu yake kwa dakika tano, mnunue mega kidogo mumrudishie.

Dakika tano zinatosha. Namba za mashamba ya wanachama 300, zikiwa maandishi tu ndani ya faili, ni nyepesi kuliko picha moja ya simu. Na kama kinachoenda ni WhatsApp peke yake, mwulizeni mnunuzi kama anakubali kuipokea huko, kama dokima, si kama picha ya karatasi.

Wekeni daftari moja karibu na kisanduku: tarehe, saa, taa zilizokuwa zinawaka, forfe iliyonunuliwa, WhatsApp ilienda au hapana. Siku fundi atakapofika, mpeni daftari hilo kabla hajafungua begi lake.