Semina haitibu kitufe

"Mtaalamu, watumiaji wetu wanakosea mno. Tuwape semina ya siku ngapi?" Wiki iliyopita niliulizwa tena. Jibu ni lile lile: sifuri.

Nilikwenda kuiona programu yenyewe. Kitufe cha "Hifadhi" na cha "Futa" vimekaa bega kwa bega, rangi moja, ukubwa mmoja. Karani ana foleni mbele yake, simu inaita, anabonyeza. Kazi ya nusu saa imepotea. Kwenye ripoti pameandikwa "uzembe wa mtumiaji". Uzembe wa nani?

Karani yule anajua fika kitufe kipi ni kipi. Hakukosa elimu, ameteleza, na hakuna cheti kinachomzuia mtu kuteleza. Kumpeleka semina ni kumpa Panadol mwenye jino bovu.

Mwaka 1961, kwenye kiwanda cha Yamada Electric huko Japani, wafanyakazi walikuwa wakisahau kuweka springi ndani ya swichi. Walikumbushwa, wakakaripiwa, wakaendelea kusahau. Mhandisi Shigeo Shingo akaleta kisahani: kabla hujaanza kuunda swichi, toa springi mbili uziweke humo. Ukimaliza ukaona moja imebaki, hujamaliza. Mbinu hizo aliziita baka-yoke, kinga dhidi ya mjinga, mpaka mfanyakazi mmoja wa kike alipolia kwa kuitwa mjinga. Mwaka 1963 zikaitwa poka-yoke, kinga dhidi ya kuteleza. Watu wa viwandani walishatoka huko zamani. Sisi wa programu bado tunachapa vyeti.

Mashine za ATM zilizotoa pesa kwanza, kadi baadaye, ziliachiwa kadi kila siku: mtu ameshika noti, shida yake imekwisha, anaondoka. Dawa ikawa kurudisha kadi kabla ya pesa. Nani alipelekwa semina?

Haya, hela ya semina itumieni hivi. Hesabuni makosa ya mwezi mmoja, mshike matatu yanayojirudia zaidi. Kila moja liulizeni "kwa nini" mara tano, na jibu lisiishie kwenye jina la mtu. "Futa" ikae mbali, na kilichofutwa kiweze kurudishwa. Kwenye malipo, jina la mpokeaji lionekane kabla ya namba ya siri. Kisha waiteni watumiaji watano, mmoja mmoja, wapeni kazi halisi, nanyi mfunge midomo mtazame. Rekebisheni, muwaite wengine.

Na programu inayohitaji semina ya siku tatu ili mtu asifute kazi yake mwenyewe haijakamilika. Msiipokee, wala msimlipe aliyeileta.