Mjomba kaendesha hadi ‘Tabora’ bila kutoka uani!

WIKI hii nina kisa cha mjomba wangu. Usicheke kwanza, maana na wewe huenda kinakuhusu.

Hapa kwetu Choma, wilaya ya Igunga, zamani baiskeli ndiyo ilikuwa miguu ya mtu. Mjomba alikuwa anapakia gunia la mpunga kwenye keria, anakwenda nalo Ziba, na jioni akirudi bado ana hamu ya bao. Zikaja pikipiki. Siku hizi hata kwenda kunyoa ndevu anaita bodaboda. Tumbo likaanza kumtangulia mlangoni. Mwaka jana akapimwa: sukari! Daktari akamwambia dawa ameze, chakula apunguze na mwili autoe jasho.

Sasa mzee mzima aonekane anakimbia barabarani alfajiri? Watu si watauliza kafukuzwa na nani! Nikamwambia, “Mjomba, Phoenix yako si ipo stoo? Tuiweke stendi hapa uani, uendeshe humu humu.” Binti yake aliyeko Dar akatuma kile kisaa cha kupima mwendo, tukakifunga gurudumu la nyuma.

We, acha tu! Siku ya kwanza kisaa kikasoma kilomita 30 kwa saa. Wiki ya pili mjomba anatangaza kijiweni kwamba eti keshafika Tabora, yuko njiani anarudi.

Mwisho wa mwezi akaenda kliniki. Sukari iko pale pale. Akarudi kanuna. “Mpwa wangu, umenichezea,” akaniambia. Akaapa haendeshi tena, na nilivyomuona, hata vidonge alikuwa karibu kuviacha. Usiku ule sikulala vizuri.

Jibu nikalipata gulioni, kwa mnoa visu. Si unamjua? Baiskeli yake iko kwenye stendi, mkanda unatoka kwenye gurudumu kwenda kwenye jiwe. Nikasimama kumtazama. Kisu kikiwa bado hakijagusa jiwe, miguu inakwenda kama upepo na wala hahemi. Akikigusisha tu, cheche hizo! Miguu inapunguza kasi, paja linatuna. Likija panga lenye kutu, ndiyo kabisa, shingo inalowa.

Nikamuuliza, “Kaka, kutwa nzima huchoki?” Akacheka. “Kuzungusha gurudumu tupu hata mtoto anaweza, mdogo wangu. Kinachochosha ni jiwe.”

Naam! Mjomba alikuwa ananoa bila kisu.

UNAPIGANA NA NINI?

Barabarani miguu yako inapambana na mambo matatu. Kwanza uzito: wako, wa baiskeli na wa gunia, hasa ukipanda mlima. Pili ardhi: mchanga, tope la mbugani, au tairi lisilo na upepo wa kutosha. Tatu hewa yenyewe. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakukinga kifuani mara nne, na nguvu ya kuishinda inatakiwa mara nane! Ndiyo maana kilomita 10 kwa saa ni matembezi, lakini 20 ni kazi.

Ukiwa juu ya stendi, vyote vitatu vimeaga. Gurudumu halibebi mtu, haligusi chini, na hewa haikupigi. Kimebaki cheni na beringi tu.

Hebu tuhesabu. Chukua baiskeli yenye meno 44 mbele na 20 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 2.2. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja ni kama mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko wa pedeli ni karibu mita 5. Zungusha mara 60 kwa dakika, kisaa kitasema kilomita 18 kwa saa. Zungusha mara 100, kitasema karibu 30. Kisaa hakijui kama unatoka jasho au unapiga stori. Kinahesabu gurudumu tu.

Wenzetu Ulaya na Marekani wana mashine za kazi hii. Nyuma kuna roli ndogo inayobana tairi, nayo imefungwa kwenye feni, sumaku au kopo lenye mafuta. Za feni na mafuta, ukikazana na ugumu unakazana. Ya sumaku, unaisogeza karibu ukitaka iwe nzito. Tairi likiwa laini, inakuwa nzito zaidi. Roli likilegea, tairi linateleza. Miguu ni ile ile, lakini mashine moja itakupa 20 na nyingine 35. Ndiyo maana wajuzi wanapima wati au mapigo ya moyo, siyo kilomita.

TULIVYOFANYA

Tulifikiria dainamo. Wapi! Ya kawaida ni wati 3 tu, haimtoi mtu jasho. Tukafikiria kubana breki. Raba zinaisha upesi na rimu inachemka. Mwisho fundi akachomelea stendi pana isiyoyumba, akapitisha mkanda wa ngozi juu ya rimu, akaweka springi na nati ya kukazia. Ukikaza nati, umepanda mlima. Ukilegeza, uko tambarare.

Kipimo chetu cha ugumu ni mdomo. Ukiweza kuimba, kaza. Ukishindwa hata kuongea, legeza. Ukiweza kuongea lakini wimbo haupandi, hapo hapo! Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za namna hiyo kwa wiki. Mjomba anapiga nusu saa, siku tano.

Tahadhari kidogo. Uani hakuna upepo wa kukupoza kama barabarani, kwa hiyo kaa kivulini, maji yawe karibu. Mwenye sukari amuone daktari kwanza, hasa anayechoma sindano ya insulini, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Mkono ukitetemeka au kizunguzungu kikija, shuka upate kitu cha sukari. Kifua kikibana, acha na uwahi hospitali. Na vidonge usiviache!

Kliniki iliyofuata sukari ilikuwa imeshuka. Siyo baiskeli peke yake, na sahani ya ugali ilishapungua. Kisaa siku hizi kinasoma 14 au 15, nusu ya majigambo ya zamani. Kijiweni wakimuuliza amefika wapi, anajibu: “Ziba sijafika, lakini jasho limefika.”

Je, wewe unanoa na kisu au unazungusha jiwe tupu? Tukutane wiki ijayo, hapa hapa.