Plastiki za Probox zilizochubuka: jinsi ya kuzitoa na kuzipaka rangi

Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hushukia hapa kwetu Mombasa, na Kenya hairuhusu yaingie yakiwa yamepita miaka minane. Ndiyo maana yakitoka bandarini ndani bado ni safi, plastiki za milango hazina alama. Ukitaka kujua maisha yao ya baadaye, panda bara.

Desemba nilikuwa Muthetheni, kule Mwala katika Kaunti ya Machakos, nyumbani kwa shemeji yangu. Yeye ana Probox. Siku za soko hubeba watu, msimu wa maembe hubeba kreti, na katikati hubeba magunia ya ndengu, ambazo sisi huku tunaziita pojo. Injini haina neno. Lakini ndani! Kreti zimekwaruza kuta za nyuma mpaka zimekuwa nyeupe, viatu vimechubua sehemu ya chini ya milango, na vumbi jekundu limejikita kwenye kila mkwaruzo.

Alitaka kuliuza apate karo ya Januari. Mnunuzi akaja, akafungua mlango wa nyuma, akatazama, akakata shilingi elfu arobaini papo hapo. Hata boneti hakufungua. Usimlaumu: mtu asiyejua injini hupima gari kwa anachokiona, na akiona ndani pamechakaa huamini hata mafuta hayakuwa yakibadilishwa.

Kazi ya kurekebisha plastiki hizo mtu anaweza kuifanya nyumbani kwa siku mbili, ila asianze na bisibisi. Shemeji aliwahi kumpa kijana mmoja wa jua kali mlango autengeneze kioo. Kijana akaingiza bisibisi, akavuta, klipu tatu zikavunjika na ukingo wa plastiki ukapata majeraha mapya. Kibaya zaidi, alirarua karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava. Watu wengi hudhani ile nailoni ni ya kufungia tu kutoka kiwandani, wanaitupa. Kumbe maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku kupitia penye kioo, na nailoni hiyo ndiyo inayoyaelekeza yatokee kwenye matundu ya chini. Ikiraruka, maji huishia kwenye zulia, na gari huanza kunuka ukungu.

Basi anza na betri. Toa waya wa hasi, kisha ngoja. Toyota husema angalau sekunde 90, kwa sababu mifuko ya hewa ya usalama hubaki na umeme kwa muda baada ya betri kukatwa. Kwa usalama wako, ngoja dakika kadhaa. Na kama kuna plastiki iliyoandikwa SRS AIRBAG, iwe ni ya usukani, ya dashibodi mbele ya abiria au ya nguzo za pembeni, iache kama ilivyo. Usiing'oe na usiipake rangi. Kifuniko hicho kimeundwa kipasuke mahali maalumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Rangi nzito au gundi inaweza kubadilisha namna kinavyopasuka, na kipande kikamrukia mtu usoni.

Kwenye mlango, tafuta skrubu kwanza. Huwa zimejificha nyuma ya mkono wa kufungulia na ndani ya pahali pa kushikia, chini ya vifuniko vidogo. Kama kioo ni cha kuzungusha, mkono wake umeshikwa na waya mdogo kwa nyuma. Pitisha kitambaa kati ya mkono na kava, ukivute huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu, waya utachomoka. (Ushike, maana ukiruka nyasini hutauona tena.) Kisha ingiza kifaa cha plastiki karibu kabisa na klipu, sogea klipu moja baada ya nyingine, halafu inua kava juu. Usilivute kwa nguvu; nyuma kuna nyaya za swichi na kamba ya kitasa.

Sasa geuza plastiki utazame nyuma yake. Utaona herufi zilizochapwa: ABS, au PP. Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. ABS hushika rangi vizuri. PP, yaani polipropilini, ina utelezi kama wa mtungi wa mafuta ya kupikia, na rangi iliyopulizwa juu yake hivi hivi hubambuka kabla mwezi haujaisha. Hiyo inahitaji praima ya plastiki kwanza. Uliza dukani kwa jina hilo, na usikubali praima ya mabati.

Osha kwa sabuni na brashi, usuuze, ukaushe, halafu pangusa kwa spiriti. Ile mafuta ya kung'arishia dashibodi inayouzwa barabarani ina silikoni, na rangi hukimbia silikoni, ikaacha vishimo vidogo vidogo. Thina kali usitumie kwenye ABS, huiyeyusha. Mikwaruzo midogo isugue kwa msasa laini, wa 400 au zaidi, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa ukisugua sana unaua ule ukwaru wa asili na pale patang'aa peke yake. Weupe uliotokana na plastiki kugongwa au kukunjwa mara nyingine hauhitaji rangi: pitisha joto la mashine ya kukaushia nywele ukiisogeza daima, na rangi ya asili hurudi. Ukisikia harufu, umeshachelewa.

Rangi puliza nyembamba, mara tatu, ukingoja kama dakika kumi kila mara. Muthetheni tulipuliza alfajiri, kabla upepo haujaamka na vumbi lake, tukiwa tumenyunyiza maji uani. Tumia rangi ya kopo ya plastiki, nje penye hewa. Rangi za kuchanganya na hadina waachie wenye vifaa. Nyingi zina kemikali za isosaianeti zinazoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na kitambaa ulichojifunga puani hakizuii kitu. Acha plastiki zilale usiku mzima kabla ya kuzirudisha, na ubandike nailoni mpya kama ya zamani imeraruka.

Rafiki yangu mmoja alisema huku ni kumdanganya mnunuzi. Mimi naona kuna tofauti kati ya kufuta mikwaruzo na kurudisha nyuma kilomita. Shemeji hata hivyo alimwambia mnunuzi wazi kwamba plastiki za nyuma na za milango zimepakwa, akamwonyesha na kopo. Mnunuzi akazipapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akazunguka gari. Zile elfu arobaini hakuzitaja tena, ila alikata elfu kumi kwa sababu ya matairi, na matairi kweli yalikuwa yamekwisha.