Jinsi Askari wa K.A.R. Walivyojifunza Vita vya Msituni

Nchi ya Maseno ni nchi ya vilima, majabali na mashamba. Kijana aliyekulia huko hakuuzoea msitu mnene, ambamo mtu haoni mbele hatua kumi hata mchana. Twaanza na jambo hili kwa sababu wako waliodhani kwamba kila Mwafrika huzaliwa akijua vita vya msituni. Sivyo kabisa. Askari wa K.A.R., na miongoni mwao vijana wengi wa Nyanza, ilibidi wafundishwe.

Vita vyao vya kwanza vilikuwa vya namna nyingine. Mwaka 1941 walitoka mipaka ya Kenya, wakapita Somalia hadi Addis Ababa, na sehemu kubwa ya safari hiyo walichukuliwa na malori katika nchi kavu iliyo wazi. Kisha, mwaka 1943, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kisiwani Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka, ijitayarishe kupigana na Wajapani.

Msituni lori halikuwa na faida. Walijifunza kubeba mizigo, kufyeka njia na kuvuka mito. Lakini somo gumu kupita yote lilikuwa kunyamaza. Wajapani walikuwa na desturi ya kunyemelea usiku, wakapiga makelele na kufyatua risasi ovyo, ili adui ashtuke, naye apige bunduki na kuonyesha mahali alipo. Basi askari aliamriwa kutulia handakini, asipige hata risasi moja mpaka amwone mtu. Ni rahisi kuandika haya mezani!

Mbu naye alihesabiwa kuwa adui. Kila siku askari alimeza kidonge kichungu cha mepakrini, na jua lilipokuchwa alishusha mikono ya shati.

Mwaka 1944 masomo hayo yalijaribiwa katika bonde la Kabaw, nchini Burma, wakati wa mvua kubwa. Barabara ziligeuka matope, wakatandika magogo ili magari yapite. Chakula kiliangushwa na ndege kwa miavuli. Wengi waliangushwa na homa. Mwezi wa Novemba walifika Kalemyo, na Desemba wakauvuka mto Chindwin, na daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100 likajengwa juu yake.

Baada ya hapo divisheni ilirudishwa India kupumzika. Baadhi ya wale waliopanda nayo meli Mombasa hawakuwamo tena.